Kaimu na Swali la Saba

Kwa miaka kumi na miwili klabu ile ilikuwa imewafungashia virago makocha wakuu tisa, na kila mmoja alipoondoka, timu iliachwa mikononi mwa mtu yuleyule. Mara wiki mbili, mara mwezi, safari moja nusu msimu. Alikuwa kocha msaidizi, lakini watu walimzoea sana katika kushikilia nafasi hivi kwamba walimbatiza Kaimu, na jina likamganda. Hata mama mkwe wake alimwita hivyo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho na cheti cha ndoa.

Kukaimu kuna raha yake, tusidanganyane. Makocha wakuu wote walikalia kuti kavu, wakilala na kuamka wakisikiliza matokeo ya wenzao, lakini Kaimu hakuna aliyeweza kumfukuza, maana hakuna aliyewahi kumwajiri kwa cheo hicho. Ofisini kwa kocha mkuu kulikuwa na kiti kirefu cheusi chenye magurudumu. Kaimu hakukikalia hata siku moja. Kila alipokabidhiwa timu alivuta kigoda cha plastiki cha buluu kutoka pembeni, akakaa ubavuni mwa meza, akapanga mazoezi yake kwenye kipembe cha meza hiyo. Baba yake, fundi cherehani aliyefanyia kazi barazani kwa mtu, alimlea hivyo: kiti cha mwenyewe hukikalii, hata akiwa safarini.

Msimu huu kocha wa tisa alifungwa manne bila nyumbani, akaondoka na begi lake kabla nyasi hazijamwagiliwa maji. Kaimu akashika timu kwa mechi tano. Akashinda nne na kutoka sare moja. Kinyozi wake alianza kumnyoa bila kumpangisha foleni.

"Umeomba?" mkewe alimuuliza jioni moja, huku akikunja sare za shule za mapacha wao.

"Niombe nini? Kazi wanaiona. Kizuri chajiuza."

"Umejiuza miaka kumi na miwili, baba mapacha. Mnunuzi yuko wapi?" Akaweka shati juu ya shati. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umesimama wima kama mlingoti wa goli."

Kaimu akacheka, akajifanya anatafuta viatu. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mkewe, na jambo lenyewe lilimhusu mdogo wa mkewe huyohuyo.

Nahodha wa timu alikuwa kitindamimba wa nyumba ya kina mke wake. Kaimu ndiye aliyemwibua akiwa na miaka kumi na minane. Alikwenda kwao kumbembeleza mama yao akubali kwamba mpira nao ni kazi, akakaribishwa chai, aliyeleta chai akawa dada mtu. Alikwenda kuposa mchezaji, akarudi na mchumba. Sasa shemeji yake alikuwa na miaka thelathini na minne, na goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Alipogeuka kushoto aliongeza nusu hatua. Mashabiki hawakuiona, kwa sababu alikuwa na akili ya mpira na sauti kubwa, akiwafanya wenzake wakimbie kwa niaba yake. Kaimu aliiona tangu msimu uliopita, siku ya mechi ya mvua, na tangu siku hiyo alikuwa akimeza mate machungu.

Kocha mkuu angelazimika kumweka nje. Kaimu habadilishi kikosi, Kaimu hulinda mlango mpaka mwenye nyumba aje. Huo ndio ulikuwa mwavuli wake. Aliitaka kazi ile mpaka ikamwasha viganja, lakini aliogopa jambo la kwanza ambalo kazi ile ingemtaka afanye.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa muuza matairi mwenye moyo mkunjufu na imani moja tu maishani: mgeni njoo mwenyeji apone. Kocha mmoja alimwajiri kwa kuwa alimwona kwenye televisheni akijibu maswali bila kupepesa macho. Mwingine kwa kuwa aliwahi kutufunga mara mbili. Safari hii akatangaza kwamba mambo yatakwenda kitaalamu, kwa usaili na alama. Akamwita Kaimu.

"Wewe ndiye unayeijua timu," alisema. "Tutungie maswali saba, kila moja alama kumi. Na siku hiyo ukae nasi, utusaidie kuwapima."

"Sawa, mwenyekiti," Kaimu alijibu, kwa adabu zake zote.

Mkewe aliposikia ilibidi akae chini kwanza. "Yaani mchumba wako anaolewa," alisema alipomaliza kucheka, "na wewe wamekualika ukawe mpiga picha."

Alitunga maswali akiwa kwenye kigoda chake. Sita yalitoka mbio: mabeki, kona, vijana wa mkopo. La saba liliandikwa na mkono kabla kichwa hakijaridhia: Katika kikosi cha sasa utamwacha nani kwanza, na utamwambiaje? Alitaka kulifuta. Lakini katibu alikuwa amesimama mlangoni anasubiri karatasi akatoe kopi, na katibu yule, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwa mama wa kusubirishwa.

Usaili ulifanyika Jumanne asubuhi, katika chumba cha mikutano kilicho juu ya madirisha ya kuuzia tiketi. Feni ilizunguka, vikombe vya ubingwa vya zamani vikapata vumbi lao kwenye kabati, na meza ndefu ikawa na watu watatu: mwenyekiti, katibu na kalamu yake nyekundu, na Kaimu.

Wa kwanza alikuja na kompyuta iliyojaa mishale. Kwenye swali la saba alisema atamwacha namba kumi, maana anang'ang'ania mpira.

"Namba kumi tulimuuza dirisha dogo la usajili," katibu alimwambia kwa upole, akaandika sifuri.

Wa pili alisema hatamwacha mtu yeyote, timu ni familia. Mwenyekiti akaguswa, akatoa leso. Kaimu akampa mbili. "Familia haina wachezaji wa akiba," alinong'ona alipoulizwa sababu.

Wa tatu aliingia na daftari la shule lililokunjika pembe. Alikuwa amekata tiketi yake mwenyewe na kukaa upande wa jua kwa mechi tatu. Alijibu maswali sita mpaka Kaimu akaona raha na uchungu kwa pamoja, kama mtu anayemsikia jirani akisimulia ndoto yake. Kisha likaja la saba.

"Nahodha," yule bwana alisema bila kufungua daftari. "Goti la kulia limekwisha. Akigeuka kushoto anaongeza nusu hatua. Nadhani benchi lenu linajua."

Mwenyekiti akageuka polepole. "Nahodha wetu huyuhuyu? Kaimu, ni kweli?"

Angeweza kusema si kweli. Yeye ndiye mtaalamu wa meza, neno lake lilitosha, na yule mtu wa daftari angetoka mle ndani akionekana mropokaji. Kaimu alifikiria hivyo kwa muda wa kumeza funda moja la maji, na aliona aibu kwa muda wote huo.

"Ni kweli," alisema. "Tangu msimu uliopita."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," katibu alisema, akamwangalia Kaimu juu ya miwani. Kisha, kwa kuwa swali lilikuwa na sehemu mbili na yeye alikuwa mwalimu, akamrudia mgeni. "Na utamwambiaje?"

"Hilo dogo," alijibu yule bwana. "Nitamwachia msaidizi amwambie. Si wamezoeana?"

Alipotoka, mwenyekiti alisugua viganja. "Tumepata mtu. Kaimu, alama za saba?"

"Atamwacha nani, tano. Atamwambiaje, sifuri."

"Hata hivyo jumla ana hamsini na tisa," katibu alihesabu. "Anaongoza kwa mbali."

Kaimu aliitazama karatasi yake. Kumbe miaka yote alijificha bure. Akija mgeni au asije, atakayebisha hodi kwa shemeji yake ni yeye, na kwa mpango ule angebisha kama tarishi, amebeba uamuzi wa mtu ambaye hata kikombe cha chai hajawahi kunywa na nahodha. Hasira zikampanda, kidogo kwa mtu wa daftari, nyingi kwake mwenyewe. Akapiga moyo konde.

"Mwenyekiti, na mimi naiomba kazi hii."

Mwenyekiti alimtazama kama aliyesikia kabati la vikombe likiongea. "Wewe? Si huitaki."

"Nani alisema siitaki?"

"Kiti. Mara ya kwanza ulipokaimu nilichungulia ofisini, nikakuta umekaa kwenye kigoda na kiti kiko wazi. Nikajisemea, huyu hataki. Mara ya tatu nikasema huyu hataki kabisa, tusimsumbue. Nikakuheshimu."

"Hata mimi," katibu alisema. "Nyumbani nakutolea mfano wa mtu asiye na tamaa."

Kaimu hakujua acheke au alie. "Ile ilikuwa adabu, mwenyekiti. Nilikuwa nangoja nikaribishwe."

"Kiti ni cha klabu, bwana. Nani angekukaribisha?"

Katibu alikwisha kufungua ukurasa mpya. "Nenda ukakae walipokaa wenzako," alimwelekeza. "Sita za mwanzo sikuulizi, huwezi kupata alama kwa mtihani uliotunga mwenyewe. Nataka la saba. Nusu ya kwanza tumeshaisikia. Utamwambiaje?"

Kaimu akazunguka meza, akakaa upande wa pili. Kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao na kilimchoma mgongo. "Mimi mwenyewe," alisema. "Leo, nyumbani kwangu, kabla hajasikia kwa mtu. Nitamwambia nilijua msimu mzima nikanyamaza, na kosa hilo ni langu, si lake wala la goti lake."

"Na mkeo?"

"Atakuwepo. Nahodha ni mdogo wake."

Katibu akaandika kumi, akaizungushia duara. Mwenyekiti aliutazama mlango alimotokea mtu wa daftari, akaipima imani yake ya wageni, akaguna. "Lakini ujue, nikikuajiri, iko siku nitakufukuza. Nisije nikaonekana nina chuki."

"Najua, mwenyekiti."

"Basi. Mwaka mmoja."

Kabla ya kwenda nyumbani Kaimu alipita ofisini, akafunga mlango na kukikalia kiti cheusi. Kiti kikatoa pumzi ndefu na kuanza kushuka, taratibu, mpaka kidevu chake kikakaribia ukingo wa meza. Wanaume tisa walikuwa wamekikalia kibovu vilevile, na hakuna aliyedumu kiasi cha kuita fundi. Alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Halafu akakumbuka la saba, akampigia shemeji yake simu aje kunywa chai.

Mkewe alipopata habari ya ajira alimkumbatia mlangoni, akawapeleka mapacha kwa jirani, akatoa vikombe vya wageni. Shemeji akaja akicheka, akapanda ngazi mbili za mlangoni kwa kuanza na mguu wa kushoto zote. Kaimu aliliona hilo na hakungoja hata chai ipoe. Alisema yote, kama alivyoahidi, bila kuyapaka sukari.

Mkewe aliweka birika chini. "Na mimi ndiye niliyekuwa nakusukuma," alisema polepole, kana kwamba anajisikiliza.

"Ulijua tangu msimu uliopita," shemeji alisema.

"Tangu mechi ya mvua."

"Na mechi tano hizi ukanipanga."

"Nikakupanga. Niliogopa hapa," Kaimu alisema, akaonyesha meza, vikombe na watu wawili waliokaa mbele yake. "Samahani."

Shemeji yake alilitazama goti lake mwenyewe, akalipapasa kama mtu anayempapasa mbwa mzee. "Nilidhani nimewaficha wote," alisema. "Nafunga bandeji chooni, natoka natabasamu." Kisha uso ukamgeuka. Akainuka, akaukwepa mkono wa dada yake, akafika mlangoni.

"Sawa, kocha," alisema, na kuufunga mlango bila kuubamiza.

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo ndani ya nyumba ile. Kaimu alilingoja neno hilo miaka kumi na miwili, na lilipofika lilimchoma kama mwiba.

Mkewe alikusanya vikombe viwili, cha tatu akakiacha pale kilipo, kimejaa, akakifunika kwa kisahani. "Huyu tangu utotoni hasira zake hazimalizi kikombe," alisema mwishowe. "Atarudi kunywa chai yake. Ukiniuliza kama mimi nimekusamehe, niulize kesho."

"Nitakuuliza."

"Na ukae, usisimame hapo."

Kaimu akakaa, akaugeukia mlango, akaanza kungoja. Safari hii hakuwa anamshikia mtu nafasi.