Daku Chapwa

Katika mtaa ule wa nyuma ya reli, Changamwe, hakuna mwanamke aliyekuwa akitia chumvi chunguni. Si ubahili. Maji ya kisima yalikuja na chumvi yake, na kaskazi ikikaza, kisima kikishuka, mchuzi ulikolea wenyewe hata hujauwazia. Mwanarehema alipika mbaazi za nazi za kuuza kwa ajili ya futari, na mbaazi zake zilikuwa na sifa. Mgeni akimwuliza kipimo chake cha chumvi, alicheka tu, akamwambia akaulize kisimani.

Mwezi ishirini na sita wa Ramadhani, mwaka ule ambao kila kipaza sauti kilikuwa kikipiga kelele za Uhuru, aliinjika chungu mapema, akaonja rojo kwa ncha ya ulimi, akatema kwa kuwa alikuwa amefunga. Ndani, mumewe Faraj alikuwa akigugumia kitandani. Mtu aliyebeba magunia bandarini tangu ujana wake, leo mawe ya figo yalikuwa yamemkunja hata kwenda haja ndogo ni kilio. Daktari wa zahanati alikuwa amemkataza kufunga, kisha akampa dawa moja ambayo haiuzwi kwenye chupa: anywe maji matamu, mengi, kila siku. Hayo ya kisimani, alisema, yatamuua.

"Mwambie aje anitekee basi," Faraj alisema akigeukia ukutani.

Maji matamu aliyauza Jefwa wa mkokoteni, na Ramadhani ilipoingia Jefwa alipandisha bei bila haya, eti na yeye ana watoto wanaotaka nguo. Mwanarehema aliweza kununua ya kikombe cha asubuhi na kikombe cha usiku. Mchana kutwa mgonjwa alikunywa ya kisimani.

Na lililomkera zaidi ni hili. Bomba kubwa la maji matamu, nene kama pipa, lilipita chini ya uwanja wao, karibu kabisa na kisima. Usiku kukinyamaza, ukilaza sikio chini ulisikia maji yakikimbia. Watu wanasikia maji chini ya mikeka yao na hawana la kunywa! Basi mbaazi zilipoiva alijitanda buibui, akaenda tena kwenye ofisi ya maji.

Karani pale aliitwa Gershom, kijana nadhifu mwenye tai. Alipomwona mlangoni alishusha pumzi.

"Mama, ni wewe tena?"

"Ni mimi, baba. Nimekuja kwa ule mfereji wetu. Hata mmoja tu, wa mtaa mzima."

"Nilishakwambia. Lile bomba ni la kupita tu. Halitolewi mfereji."

"Lapita laenda wapi?"

Hakuuliza kwa ubishi. Alitaka kujua kweli, maana tangu utoto Mwanarehema alikuwa mtu wa kutaka kujua, akachapwa sana kwenye chuo cha Kurani kwa maswali yake.

"Kisiwani. Melini. Kwenye mahoteli."

"Na lapita uwanjani kwetu bila hata hodi?"

Watu waliokaa kwenye benchi waliangua kicheko. Gershom hakucheka. "Ngojeni Uhuru," alisema. "Mkishajitawala mtaomba mifereji mpaka vyumbani."

Alirudi mtaani. Uwanjani malori ya kokoto yalikuwa yakipita kwa fujo, kama yalivyofanya wiki ile nzima, yakikata njia kuelekea kwenye majengo mapya, na kila lori likipita vyungu vilitikisika mafigani. Aliteka maji ya mwisho ya futari, akauza mbaazi zake, jua likazama.

Baada ya tarawehe wanawake walikusanyika kwa Kuluthum, jirani yao, mjane aliyesoma chuo akahitimu. Usiku huo wa ishirini na saba, usiku wa kuomba na kupewa, hapakuwa na wa kulala. Walisoma, wakasali, na walipopumzika Mwanarehema akaanza.

"Bi Kuluthum, Lailatul Qadr ikishuka, mtu aijuaje?"

"Ina alama zake. Usiku huwa shwari, mbwa habweki. Miti huinama ikasujudu. Na wazee walisema maji ya chumvi hugeuka matamu."

"Wewe umewahi kuyaonja?"

"Mimi?" Kuluthum alicheka, akajifuta macho. "Mwaka nilioazimia kuyaonja nilipitiwa na usingizi mpaka jua kali. Nyamaza usali. Ukiipata, omba jambo moja, uliombe kwa moyo."

Mwanarehema hakuhitaji kuchagua. Alisujudu, akabaki kwenye sujudu mpaka magoti yakafa ganzi. Maji matamu, ya Rabbi. Faraj apate maji matamu. Hakuomba kingine, hata pepo hakuikumbuka.

Saa ya daku ilipofika alirudi nyumbani, akateka ndoo gizani, akapika wali na mchuzi wa samaki haraka haraka. Akampakulia Faraj, aliyekuwa macho kwa maumivu. Faraj akala tonge moja, akasita.

"Leo umesahau chumvi?"

"Chumvi gani? Lini nimetia chumvi mimi?"

"Basi onja. Chapwa!"

Aliuonja. Kweli, wali ulikuwa chapwa kama chakula cha hospitali. Kabla hajasema neno, mlango ukabishwa. Alikuwa Kuluthum, bakuli mkononi.

"Mwanangu, nipe chumvi kidogo. Sijui leo nimepika nini."

"Sina, Bi Kuluthum. Sijapata kuwa na chumvi humu ndani."

"Hata mimi. Na huko nilikopita hawana. Mtaa mzima waazimana chumvi!"

Walitazamana. Faraj alikuwa wa kwanza kuelewa, akajiinua kwa kiwiko, akaiteremsha miguu chini. Mwanarehema alikuwa ameshafika mlangoni, kata ya kuchotea maji mkononi.

Kisimani alivuta ndoo, akachota, akanywa. Hakuamini. Akanywa tena. Hayakuwa na chumvi hata ya kusingizia.

"Matamu!" alipiga ukelele. "Enyi watu, matamu! Wallahi ni matamu!"

Mlango mmoja ulifunguka, kisha mingine. Watu walitoka na taa za chemni, wengine na matonge vinywani. Mzee mmoja alikunywa akaketi chini analia wazi wazi. Kuluthum alijimwagia maji kifuani, na midomo yake haikuacha kusoma. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ambo ya reli. Faraj alifika akijikokota kwa ukuta, akanywa kata nzima, akaomba ya pili, ya tatu, mpaka muadhini akaadhini. Hata baada ya adhana aliendelea, kwani yeye hakuwa amefunga.

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani ianze, alilala bila kugugumia.

Jua lilipopanda, likaja gari la ofisi ya maji. Gershom alishuka mbele. Nyuma alishuka fundi aliyeitwa Kefa, Mluhya mpole aliyekuwa na miaka mingi Mombasa. Kefa aliusimamisha mtaimbo ardhini, akaweka sikio kwenye ncha ya juu, akatega. Akasogea, akatega tena. Karibu na kisima alisimama.

"Hapa," alisema.

Watu walisogea. Kila mtu alikuwa na chombo mkononi. Kefa alipofukua kidogo, maji yakaonekana yakifoka kwenye kiungo cha bomba na kunywewa na mchanga, yakielekea kisimani.

"Nani amelipasua?" Gershom aliuliza kwa ukali. "Kisiwani mifereji yadondoka tu, kumbe nyinyi mwaiba maji!"

Kefa alimwonyesha njia ya malori. "Ni magurudumu hayo, bwana. Hapa hapakupigwa jembe."

"Haya, ziba."

Kuluthum alijifunika uso kwa mtandio. "Aibu gani hii," alimnong'oneza Mwanarehema. "Tumekesha tukililia bomba bovu."

"Nani aliyelililia bomba? Mimi nilimwomba Mungu maji."

"Lakini waona yalikotoka."

"Naona. Na nani aliyekwambia Mungu hawezi kupasua bomba?" Sauti yake ilipanda, na hakujali nani anasikia. "Mungu ametoa, Bi Kuluthum. Anayeziba namwona, amevaa tai."

Gershom alijifanya hakusikia, akarudi garini kukaa kivulini. Kefa akainamia shimo.

"Fundi," Mwanarehema alimwuliza, "usiku wa jana ulikuwa ni wenyewe au si wenyewe?"

"Mama, mimi Mkristo, ya usiku wenu siyajui. Najua mabomba." Akapunguza sauti. "Tekeni mnachoweza kuteka. Mimi leo nachimba polepole."

Akachimba polepole kweli. Mpaka adhuhuri mitungi, masufuria na hata makarai ya kuogea yalikuwa yamejaa. Kisha kiungo kikazibwa, shimo likafukiwa, gari likaondoka.

Maji ya akiba Mwanarehema hakuyapikia. Aliyaweka ya Faraj peke yake, naye alitembea mpaka msikitini kusali Idi, watu wakashangaa. Usiku wa kuamkia siku ya pili ya Idi mtungi ulikauka. Kisima kilikuwa kimeshairudia chumvi yake zamani. Alfajiri alimsikia mumewe akigugumia, akatoka nje ili asionwe akilia.

Asubuhi, kama ilivyo ada ya kupelekeana sahani siku ya Idi hata kwa wasiokuwa Waislamu, alifunga mahamri kwenye kitambaa, akachukua birika na kikombe, akaenda ofisini. Benchi lilikuwa limejaa watu.

"Mkono wa Idi, bwana Gershom," alisema, akammiminia chai ya maziwa.

Gershom alifurahi. Alishukuru mbele ya watu, akapiga funda kubwa. Mashavu yakamjaa, macho yakamtoka. Kumeza hakuweza, na kutema mbele ya umma ule hakuthubutu.

"Chumvi sikutia," Mwanarehema alimwambia. "Ndivyo maji ya kwetu yalivyo. Mume wangu ameyanywa hayo leo badala ya dawa."

Kisha akasogezewa nafasi kwenye benchi, akaketi, akangoja kurudishiwa kikombe chake kikiwa kitupu.