Jeneza la Torcuil Kwenye Kipito cha Mlima

Nimejenga kuta za mawe kote Uskoti, nikilala kwenye mazizi ya watu, na ngome za kale nimeziona mpaka nikachoka. Ila njia ya jeneza inayotoka Achnadarra, ikapanda mlima na kushukia pwani ya Orasa, hiyo sijaichoka.

Torcuil alifariki mwezi wa sita. Alitaka alale Orasa kando ya mkewe, penye gofu la kanisa. Maji yakijaa, Orasa ni kisiwa. Yakipwa siku za bamvua, yanapotoka mbali kabisa, unakwenda kwa miguu juu ya mchanga. Kwa mashua ingekuwa kazi ndogo, lakini mkewe alizama na mashua kwenye mkondo huo huo, na tangu hapo Torcuil hakutia mguu chomboni. Binti yake, Beitris, alimwahidi akiwa kitandani kwamba hatapandishwa mashua. Na siku tuliyombeba ilikuwa ya mwisho ya bamvua. Tukichelewa, mchanga hautafunuka tena kwa karibu wiki mbili, na maiti haingoji wiki mbili.

Desturi yetu ni hii. Watu wa Achnadarra humbeba hadi kwenye kipito, juu kabisa. Humlaza kwenye jiwe bapa, kila mtu huongeza jiwe moja kwenye chungu ya mawe ya waliotangulia, wiski inazunguka, halafu hutangulia kushuka bila kugeuka nyuma. Ukigeuka ni kama unamng'ang'ania marehemu. Watu wa pwani ndio humwinua na kufuata.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, humwoni aliye mbele yako. Tulimlaza Torcuil kwenye jiwe, na watu wa pwani hawakuwa wamefika. Tulipowasikia wanakohoa karibu, tukaona inatosha, tukaanza kushuka. Baada ya kitambo tukasikia hatua nyuma yetu. Beitris alikuwa kando yangu, midomo imekauka.

"Wanakwenda mbio hao," alinong'ona. "Wasije wakamwangusha."

"Baba yako kaangushwa na farasi mara ngapi, mama? Amezoea."

Akacheka kidogo, akafuta pua.

Tulipotoka kwenye ukungu mchanga ulikuwa mweupe mbele yetu, umefunuka wote hadi Orasa. Ewen, kiongozi wa watu wa pwani, akatufikia akihema. Mikono mitupu.

"Nyie watu mna haraka gani?" akasema. "Tumewafukuza mlima mzima. Haya, mtupe zamu yetu."

"Zamu ya nini?" nikamwuliza.

"Ya mzee. Si mmeamua kumbeba wenyewe?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jeneza.

"Ewen," Beitris akasema taratibu, "baba yangu yuko wapi?"

Ewen akavua kofia. "Jiwe lilikuwa ukunguni, dada. Tuliwasikia mnashuka, tukajua mmechoka kungoja, mmeondoka naye."

"Yaani mmempita kama kikapu cha viazi," akasema mmoja wetu.

"Na nyie mmemwacha kama nini?"

"Mtagombana kaburini," Beitris akasema. "Twendeni." Akageuka nyuma, desturi au si desturi, akaanza kupanda. Sote tukamfuata, pamoja na magoti yangu haya.

Karibu na kipito ukungu ukaanza kuraruka. Kwanza tuliona pembe. Kulungu madume walikuwa wamesimama kulizunguka jiwe, kundi zima, midomo yao ikitoa mvuke, na katikati jeneza la Torcuil limelowa umande. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa karibu na kifuniko. Halafu upepo ukafagia ukungu wote kwa mara moja, na bahari ikafunguka nyuma yao: visiwa juu ya visiwa, milima ya zambarau, miale ya jua ikitembea juu ya maji mbali mbali huko ambako hata sisi hatuna majina ya kila kitu. Nimepita pale tangu utoto. Nikaona kama ndiyo kwanza nafika duniani. Hakuna aliyevua kofia, tulisahau kama tuna vichwa.

Kulungu wakaondoka bila haraka, mmoja mmoja.

"Msimbebe tena ninyi peke yenu," Beitris akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Nami nabeba."

Kwetu wanawake hawabebi. Ewen akafungua mdomo, akamtazama, akamsogezea mti wa kubebea wa mbele, upande wa kichwa.

Tulishuka kwa kubadilishana begani, Achnadarra na pwani tumechanganyika. Lakini maji hayakutungoja. Tulipofika chini, katikati ya mchanga mkondo ulikuwa umekwisha kurudi, kijani, safi, unaona kila kome.

"Mashua yangu ile pale," Ewen akasema kwa upole. "Hakuna atakayekulaumu."

 Beitris aliyatazama yale maji yaliyomchukua mama yake. Kisha akaingia, na sisi ni nani tubaki.

Yakafika magotini, kiunoni. Baridi ile hukata pumzi. Sili wawili, wale mbwa wa baharini, walitoa vichwa majini, wakatutazama kwa macho ya watu. Yalipofika mabegani, mti ukawa mwepesi ghafla. Nikadhani mzee ametuponyoka. Sivyo. Jeneza lilikuwa linaelea.

"Lishikeni," Ewen akasema.

"Acheni," Beitris akasema. "Shikeni kamba za jeneza tu. Acheni maji yambebe."

Tukaacha. Bahari ikambeba Torcuil kimya, bila chombo, jua likimeta kwenye ubao, nasi tukitembea kandoni, hadi mchanga wa Orasa ukampokea. Beitris alikaa chini kwenye maji ya kifundo cha mguu, mkono juu ya kifuniko, na kwa muda hakuna aliyethubutu kumwinua yeye wala baba yake.