Mashavu wa Nguvu Kumi na Nne

Usiku wa jana niliota kikombe cha chai kimenishinda.

Nimekaa Kibaha, chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la Kibwana, pale tunapocheza kila Jumamosi. Nanyoosha mkono ninywe chai, kikombe hakiinuki. Nakivuta kwa mikono miwili. Wapi!

"Piga dadu," kikombe kikasema.

"Nipige dadu ndipo ninywe chai?"

"Mimi nina nguvu mia sita, dada. Wewe una tatu. Nikikuachia unywe hivihivi, vikombe wenzangu watanionaje?"

Nikaona kina hoja, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikarusha dadu. Ilikuwa na nyuso mia nne, duara kabisa, ikawa inabingirika tu chumba kizima.

"Zamani nilikuwa na nyuso sita," ikaniambia ilipopita chini ya cherehani. "Nanawa mara moja, nimemaliza. Siku hizi nanawa mpaka adhuhuri."

Nikaisubiri isimame. Haikusimama. Chai ikapoa.

Niwaeleze wasiotujua, maana kuna watu wakisikia mchezo wa mezani wanadhani bao. Kila mmoja wetu ana mhusika wake, kaandikwa kwenye karatasi: jina, silaha, nguvu. Mwalimu Semkiwa anasimulia safari, sisi tunasema wahusika wetu wanafanya nini, dadu inaamua kama wameweza. Sheria zimo kitabuni. Sasa kitabu chenyewe hakikomi kuzaa. Kila mwaka inatoka nyongeza, kila nyongeza ina silaha kali kuliko za nyongeza iliyopita, na ikitoka tu Kibwana anayo. Kipya kinyemi kingawa kidonda. Juzi kaja na Nyongeza ya Saba. Jumamosi hii tunaamua kama tunaipokea, na tukiipokea, mhusika yeyote mwenye nguvu chini ya mia anafutwa.

Mhusika wangu ni Mashavu, kikongwe wa Kizaramo anayepigana kwa mchi wa kutwangia. Nguvu zake kumi na nne. Nilimwandika wiki niliyoachika, miaka sita iliyopita, na wakati ule kumi na nne zilikuwa za kutisha. Nyumbani kwangu sikuwahi kumjibu mtu. Mashavu alilijibu hata joka. Nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na sioni haya kusema.

Basi, nageuza shingo, namwona Nyongeza ya Saba mwenyewe. Kitabu kinene, kimevaa mkanda, kimekalia kiti cha Mwalimu Semkiwa. Mwalimu kasimama pembeni, amekishikia soda.

"Mwalimu, ndiyo nini hii?"

"Ukurasa wa tisa, Bi Sikudhani," akanijibu bila kunitazama. "Msimulizi hakai panapokaa kitabu."

"Na Mashavu wangu yuko wapi?"

Kitabu kikajifunua, kikalamba kidole ambacho hakina, kikasoma. "Mashavu. Kumi na nne. Ameitwa kwenye vipimo."

Nikainuka mbio. Mlango ulikuwa na nguvu mia nane, lakini bahati nzuri ulikuwa umesinzia.

Nje ya mlango ule kuna barabara na muuza mihogo, kila siku. Safari hii kulikuwa na ofisi ya vipimo, na foleni. Mbele yangu kasimama kuku mwenye nguvu mia tatu, mbele yake ufagio wenye mia na themanini, wanazungumza habari za mvua. Mwanzo wa foleni, juu ya mizani, kasimama Mashavu na mchi wake begani.

Karani alikuwa ufutio. Ufutio wa kawaida tu, wa rangi ya waridi, kona moja imeliwa na mtoto.

"Kumi na nne," ufutio ukasema kwa masikitiko. "Samahani sana, mama. Si mimi, ni utaratibu." Ukainama, ukaanza kumfuta kidole gumba cha mguu.

Mashavu hakupiga kelele. Alinitazama tu. "Siku, mwanangu, nishikie mchi. Usiwape watu wautwangie dawa za mende."

Miguu yote miwili ikaondoka. Kabaki ananing'inia hewani kuanzia vifundoni kwenda juu, na mimi nimesimama nyuma ya kuku, mdomo nimeufunga kama enzi zile za ndoa yangu. Roho iliniuma jamani. Nikajiona mjinga, nimelea mtu miaka sita nije nimtazame akifutwa kwa adabu.

"Mwache!" Nikashtuka, sauti ilikuwa yangu. "Rufaa haipo hapa?"

Ufutio ukasimama. "Ipo. Hakuna anayeuliza tu. Amshinde mwenye nguvu kuliko wote. Akishindwa, naendelea na magoti."

Hatukutembea. Pale palipokuwa na ofisi pakawa na msiba: turubai, majamvi, sufuria kubwa za pilau, akina mama wanamenya vitunguu.

"Msiba wa nani?" nikauliza.

"Wa Mashavu," akanijibu mama mmoja, kisu mkononi. "Tumeanza mapema tusije tukachelewa." Kisha akamwona Mashavu mwenyewe kando yangu. "Pole na msiba, bibi."

"Nimeshapoa," Mashavu akasema.

Ardhi ikatikisika. Akaja Kibwana, suruali kainyoosha vizuri, na nyuma yake mhusika wake, Dhoruba. Nguvu elfu tisa. Mapanga kumi na mawili, na mikono kumi na miwili ya kuyashikia, aliyoipata ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Nyongeza ya Saba ikaja nyuma yao, Mwalimu akiipepea.

Dhoruba akataka kukaa. Akasogeza kiti, kiti kikafa. Akajaribu benchi, likafa. Akaegemea nguzo ya turubai, nayo ikaaga dunia, tukalishika turubai kwa mikono.

"Dada Siku, usinichukie," Kibwana akasema. "Mimi sina neno na Mashavu. Ni kitabu."

"Wewe ndiye uliyekileta, Kibwana. Usikisingizie."

"Mpambano uanze," kitabu kikasema.

Mashavu akaelea hadi kwa Dhoruba, akafika usawa wa mkanda wake. Akamtazama juu, akamtazama chini.

"Kijana, wewe kabila gani?"

Dhoruba akamgeukia Kibwana. Kibwana akaitoa karatasi yake, akaipekua mbele na nyuma. Yote imejaa, hadi pembeni kaandika. Ila chini kabisa, kwenye mstari wa kabila, hamna kitu. Mstari ule sote huwa tunauruka, kwa kuwa hauongezi nguvu hata moja. Kwa Mashavu niliujaza kwa sababu wiki ile nilikuwa na muda mwingi mno wa kukaa peke yangu.

"Sina," Dhoruba akasema, na uso ukamshuka.

"Maskini. Mtu mzima hivi." Mashavu akachomoa kalamu kwenye kilemba, akaipokonya karatasi, akaandika. "Kuanzia leo Mnyamwezi. Mimi Mzaramo. Mtani wangu huyu!"

Akina mama wakapiga vigelegele, visu juu. Hapo kila mtu chini ya turubai akajua kitakachofuata isipokuwa kitabu. Mtani akikukuta msibani anakutukana hadi watu wacheke, anakuchukulia kitu chako mbele za watu, nawe ruhusa ya kununa huna. Ukinuna umejiaibisha mwenyewe na ukoo wako.

"Mnyamwezi mzima," Mashavu akaanza, "unakuja msibani na mapanga kumi na mawili! Umekuja kuzika au unaogopa marehemu atakukimbia? Lete hapa." Akachukua panga la kwanza. "Na hili, tukatie vitunguu. Hili, kuni. Hili baya, sijui ulilinunulia nini, nalo lete."

Dhoruba anatoa. Anatoa yote. Anapakwa majivu usoni, anapewa ndoo ya maji, na mikono imebaki kumi na miwili, basi anabebeshwa ndoo kumi na mbili. Akarudi, akaamriwa akae jamvini. Akakaa. Jamvi halikufa. Akaanza kucheka, kifua kizima kinatikisika.

"Sijakaa tangu Nyongeza ya Nne," akasema, na machozi yanachora mistari kwenye majivu.

Kitabu kinajipekua kwa fujo, kurasa zinatoa upepo. "Utani! Utani una nguvu ngapi?"

"Hauna," Mashavu akasema.

"Basi nitatoa nyongeza yenye utani mkali zaidi!"

"Toa tu." Akakigeukia taratibu, kalamu mkononi. "Kwani na wewe kabila gani?"

Kitabu kikajifunga paa, mkanda juu yake. Mwalimu Semkiwa akainywa ile soda.

Ufutio ukaniletea karatasi nitie sahihi. Rufaa imekubaliwa. Miguu ya Mashavu ikaanza kurudi, wa kushoto kwanza, naye akautumia huohuo kumpiga teke Dhoruba ambaye tayari alikuwa ameomba pilau mara ya pili.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Kumeshakucha, jua liko dirishani. Kibwana.

"Dada Siku, shikamoo. Uliingia dukani kwangu jana?"

"Marahaba. Niingie nifuate nini?"

"Karatasi ya Dhoruba ilikuwa kwenye droo, nimeifunga kwa ufunguo. Sasa naitoa hapa, mstari wa kabila umejazwa. Imeandikwa Mnyamwezi. Mwandiko wa bibi kizee, herufi zote zimelala. Nimefuta, haifutiki. Na yale mapanga kumi na mawili hayamo tena."

Nikakaa kitandani. Hofu inanipanda, na kicheko nacho kinanipanda, sikujua nianze na kipi.

"Umenuna, Kibwana?"

Nikasikia cherehani ya mtu ikizunguka kule dukani.

"Sijanuna," akasema kinyonge. "Nitanunaje? Jumamosi aje tu Mashavu. Lakini mwambie anirudishie panga hata moja."

Nikamwambia nitamuuliza.