Kamba ya Mita Mia

Hakuwa na kocha. Hakuwa na mtumbwi wake mwenyewe, maana huo mwembamba aliojifunzia uliachwa ghalani na mhandisi aliyehama, pamoja na kiatu cha mpira cha mguu mmoja. Hakuwa na mwenzake wa kushindana naye, ila bata wa bwawani, nao hawakumtilia maanani. Hakuwa na daktari wa misuli, wala mpishi wa kumpimia chakula, wala ile saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Hata jina zuri hakuwa nalo. Nyumbani na kazini aliitwa Pupa. Jina hilo alipewa na baba yake mzazi, na hakupewa kwa kusifiwa.

Alichokuwa nacho ni kamba.

Baba yake alikuwa fundi mwashi. Alijenga kuta kwa miaka arobaini na hakuna aliyewahi kuzikuta zimeinama hata unene wa kucha. Alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, mikono ikiwa bado na chokaa, na tangu alipozijua namba hakuamini tena kitu kisichopimwa. "Jicho ni shahidi wa uongo," alizoea kusema. "Lete futi." Kuna siku alivunja ukuta mzima uliokwisha kukauka kwa sababu ulipotoka vidole viwili. Kibarua wake akamwambia, "Mzee, mwenye nyumba hataona." Akamjibu, "Mimi nimeshaona."

Mwanawe naye alijaribu ufundi huo akiwa na miaka kumi na tisa. Wiki ya kwanza tu aliondoa mbao zilizoshikilia lenta ya juu ya mlango kabla zege halijashika, na lenta ikashuka kama ulimi wa ng'ombe. Baba hakumpiga wala hakumfokea. Alikitazama kifusi, akasema, "Wewe una pupa. Mtu wa pupa hajengi." Kaka zake walilidaka neno lile hapo hapo, likawa jina. Akaenda kuajiriwa bwawani, asome kina cha maji asubuhi na jioni, kazi ambayo hata mtu wa pupa hawezi kuiharibu.

Huko ndiko alikoupata mtumbwi, na huko ndiko alikoota ndoto ya kwenda kushindana kwenye michezo ya mataifa. Masikio ya baba yalikuwa yamekwisha kuliwa na mashine za kuchanganyia zege, hivyo alimwandikia kwenye karatasi: mbio ni mita elfu moja, mtu mmoja, mtumbwi mmoja, kafi moja la pande mbili.

Mzee alisoma, akavua miwani. "Na huko bwawani, hiyo elfu yako umeipimaje?"

Pupa akaandika: Kwa macho.

Mzee, ambaye kifua kilikuwa kimemlaza, akainuka kitandani siku hiyo hiyo. Alichukua kamba yake ya katani, ile aliyokuwa akinyooshea misingi, akaitandaza barabarani mbele ya nyumba, akaipima mara tatu kwa futi ya chuma, akafunga kitambaa chekundu palipotimia mita mia. Kisha wakaingia bwawani kwa boti la kazi, mwana akivuta makasia, baba akiwa ameketi mbele na kamba mapajani. Waliilaza juu ya maji mara kumi, na kila ilipoishia wakaangusha jiwe lililofungwa dumu tupu la njano. Mzee alikohoa kutwa, maana saruji ilikuwa imeshajenga kifuani mwake. Lakini alirudi nyumbani akicheka.

"Hiyo ni elfu," alisema. "Hata serikali ije ipime."

Miaka miwili Pupa aliishi na elfu hiyo. Kwa kuwa hakuwa na kocha, alihesabu. Toka mwanzo hadi dumu la mwisho zilikuwa kafi mia nne na mbili, na muda wake ukafika dakika tatu na sekunde thelathini na tisa. Kwa muda huo mtu huingia nusu fainali ya dunia bila kuomba radhi. Nchini kwake hapakuwa na mpiga kafi mwingine wa kumjaribu, naye akapewa ile nafasi moja wanayopewa wasio na timu.

Siku ya kuondoka baba alimshika mkono. "Usipige simu, sisikii. Niandikie. Andika muda, na andika ulivyokwenda. Nikiona umekwenda kwa vipimo, hilo jina nitalifuta kwa mdomo wangu mwenyewe."

Basi hilo ndilo lililompeleka. Medali aliwaachia wenye makocha.

Mbio za kwanza alipangwa njia ya nane, ya pembeni. Aliondoka vizuri, akahesabu. Kwenye kafi ya mia mbili alikuwa wa nne. Kwenye mia tatu akafungua kila kilichokuwemo kifuani, kama alivyozoea, kwa sababu mwili wake ulijua kwamba zimebaki mia moja na mbili. Akafika mia nne na mbili, akainua macho kuutafuta mstari wa mwisho.

Haukuwepo. Ulikuwa bado kule mbele, mbali kama upande wa pili wa uwanja wa mpira. Mikono ikawa mbao. Wakampita mmoja mmoja, wote, na wa mwisho aligeuka kumtazama kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

Jioni dada yake alimwandikia kwenye simu: "Tumekuona. Mtangazaji amesema ulikuwa na pupa. Baba hakusikia, ila aliona. Amegeukia ukutani."

Lakini nafasi haikuwa moja tu. Kesho yake kulikuwa na robo fainali kwa walioshindwa, na Pupa akaenda majini mapema kabla ya wengine, aone kosa liko wapi. Gatini alimkuta mlinzi wa maboya, mzee mfupi mwenye tumbo, akikaza waya unaoshikilia njia.

"Aa, wewe si ndiye uliyemaliza mbio kabla mbio hazijaisha?"

"Ndiye mimi, mzee wangu."

"Pole, mwanangu. Usijali sana. Kuna mmoja hapa alipinduka kabla ya kuanza. Wewe angalau ulirudi mkavu."

Pupa akacheka bila kupenda. Akaushika ule waya. "Mbona mnatumia chuma? Kamba ya katani si nyepesi zaidi?"

"Katani!" Mzee alitema mate majini. "Katani ni mlevi. Ikinywa inanenepa, na ikinenepa inafupika. Pima mita mia nchi kavu, iloweshe, halafu pima tena. Mita sita huzioni. Nilitega nayo mwaka wa kwanza, maboya yakasogea yote, nusura wanifukuze kazi."

Pupa akapiga hesabu. Sita mara kumi. Aliutazama mstari wa mwisho na pale mikono yake ilipokufa jana, akaiona kamba ikiwa imelala juu ya maji, na kitambaa chekundu.

Kilichomjia kwanza kilikuwa furaha, na baadaye aliionea haya. Sikuwa na pupa! Nilikwenda kwa vipimo, hatua kwa hatua! Halafu akamwona baba mbele ya boti, akikohoa, akiishusha kamba taratibu kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto. Furaha ikaishia hapo.

Siku ile alipiga kafi kama mwashi, tofali juu ya tofali. Hakukimbilia kitu. Alimaliza kwa kafi mia nne na ishirini na nane, akawa wa tano, akatolewa. Dakika tatu na sekunde hamsini na moja. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumaliza mita elfu moja mikono ikiwa bado hai.

Chumbani aliandika kurasa tatu. Aliandika yote: mlinzi wa maboya, katani, mita sita, sitini. "Kwa hiyo, baba, haikuwa pupa." Sentensi hiyo aliisoma mara nyingi. Alikuwa akiikunja barua simu ilipolia.

"Dada."

"Umeshaandika?" Sauti yake ilikuwa imechoka. "Andika leo, tafadhali. Daktari amesema tukae naye karibu. Chakula hagusi."

"Bado amegeukia ukutani?"

"Amegeuka. Ameomba ile kamba yake. Nimeitundika mbele ya kitanda. Kila anayekuja kumjulia hali anaonyeshwa. 'Hiyo ndiyo iliyompeleka mwanangu ng'ambo. Mia kamili.' Mpaka muuguzi ameipigia saluti." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

Alikaa na kurasa zake tatu hadi chai ikapoa. Alijua baba mwenyewe angetaka kuambiwa. Mtu aliyevunja ukuta kwa vidole viwili hawezi kupenda kufichwa. Lakini ukuta ule aliuvunja akiwa na nguvu za kuujenga upya.

Akazichana. Akachukua karatasi nyingine.

"Baba, shikamoo. Mbio za kwanza niliziharibu mwenyewe. Nilianza kumalizia kabla ya wakati, kwa pupa, kama ile lenta. Za pili nilikwenda kwa vipimo, nikawa wa tano, 3:51. Upepo ulikuwa wa mbele, na upepo haupimwi kwa futi. Elfu uliyonipimia ndiyo iliyonifikisha huku. Nisamehe kwa ile ya kwanza. Mimi mwanao," na hapo kalamu ilisimama kidogo kabla hajaandika, "Pupa."

Aliikunja mara mbili, kona juu ya kona, akailamba bahasha na kuikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Akashuka nayo hadi dirisha la posta.

"Ya kawaida au ya haraka?" karani aliuliza.

"Ya haraka," alisema, akaiachia.

Karani akaigonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko pamoja na nyingine.