Siku Lori la Baba Lilipotundikwa Ukutani

Usiku wa jana niliota kioo cha pembeni cha lori la baba kinabisha hodi kwetu, saa sita mchana. Kimesimama kwa mguu wake mmoja wa chuma, uso umejaa vumbi, na kinaongea kama mtu aliyetumwa.

"Seche, toka," kikasema. "Tunapigwa picha."

Nikauliza kama nivae viatu.

"Usijisumbue. Watu hawatakiwi."

Nikatoka peku.

Lori lenyewe limesimama mbele ya nyumba yetu, pembeni ya lami, kati ya Manyoni na Kintinku. Giaboksi yake ilivunjika miaka kumi na moja iliyopita, na baba, Mzee Ndahani, hakubali mtu aseme lori limekufa. Anasema linasubiri. Kila asubuhi hupanda, hukaa kwenye kiti cha dereva, hufuta usukani kwa kitambaa, halafu husubiri nalo. Mama huanika mboga ya mlenda kwenye boneti. Kuku hutaga chini ya kiti cha utingo. Kwa hiyo lori linafanya kazi, ila haliendi.

Mbele yake amesimama mwanaume mwenye kamera kubwa kama sufuria ya msibani. Shati lake ni jeupe na halina tone la vumbi. Vumbi lenyewe linampisha.

"Naitwa Delfinus, msanii wa picha dhahania," akasema. Hakuniambia mimi. Aliiambia kutu ya mlangoni.

Nikakiuliza kioo, kwa sauti ya chini, picha dhahania ni nini.

"Ni picha ya kitu, ila kitu chenyewe hakimo," kioo kikanijibu.

Delfinus akasikia. "Si kazi ngumu, dada. Unasogea karibu mpaka kitu kisijulikane ni nini. Hapo ndipo uzuri unapoanza."

Akausogelea mlango wa lori. Akasogea tena. Pua yake ikagusa chuma. Kamera ikalia, na mlango ukaacha kuwa mlango. Ikabaki rangi tu, kahawia na chungwa na mchirizi mmoja wa bluu, inaning'inia hewani bila bawaba. Delfinus akaikunja kama mkeka, akaitia begini.

"Machweo Namba Nne," akasema.

"Ulikuwa mlango," kioo kikasema.

"Ulikuwa," akakubali.

Mama yuko kwenye boneti, anageuza mlenda wake.

"Mama, naomba usogee kidogo," Delfinus anamwambia. "Unaingia kwenye picha."

Mama ni mtu wa adabu kwa wageni. Anasogea.

"Kidogo tena."

Anasogea mpaka uzio wa jirani. Kidogo tena. Anasogea mpaka shuleni, mpaka stesheni, mpaka simuoni tena. Halafu namsikia toka mbali, sauti nyembamba kama ya redio inayoishiwa betri.

"Seche, mwulize mgeni kama hapa panatosha. Niko Kintinku sokoni. Nikisogea tena nitatokea Dodoma na sijafunga kitenge vizuri."

"Mwambie kidogo tena," Delfinus akasema.

Boneti ikapigwa picha pamoja na mlenda wa wiki nzima. Ikaitwa Mawazo ya Jangwa. Ikaingia begini.

Mimi bado sikuwa na wasiwasi sana. Mlango tunaweza kuweka gunia. Lakini baba alikuwa ndani, kwenye kiti chake, na kila kamera ilipolia niliona anapepesa macho kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua chumbani.

"Baba, mlango umeondoka."

"Mlango gani?"

"Wa lori."

"Lori gani, mwanangu?"

Baba huyu hutaja ukubwa wa bolti akiwa usingizini. Hapo ndipo nikaogopa.

Delfinus akapanda kebini bila kuvua viatu. Akasogeza kamera kwenye usukani, na usukanini pana mkono wa baba. Ni mkono ulioshika mafuta machafu miaka arobaini. Umepasukapasuka, na una kahawia isiyotoka kwa sabuni wala kwa mchanga.

"Kutu hii," Delfinus ananong'ona, "haina mfano."

Nataka kusema kwamba huo ni mkono. Lakini mimi ni mtu ambaye watu humpita kwenye foleni ya mashine ya kusaga, naye anashukuru. Nafungua mdomo. Kinatoka kikohozi.

Kamera inalia.

Nikapiga hatua moja kumfuata baba, na hatua hiyo ikatua kwenye ukumbi mweupe wenye kiyoyozi, Dar es Salaam. Lami ya kwetu imeishia mlangoni, imekatwa kwa mkasi. Lori lote liko ukutani, vipandevipande, kila kipande kwenye fremu yake. Mkono wa baba uko katikati na umewekewa taa. Chini yake wameandika: Kutu Namba Tisa. Vidole bado vinajikunjua taratibu, vinatafuta gia.

Pembeni kuna karatasi ya maelezo. Inasema kazi hii inahoji usahaulifu wa chuma katika nafsi ya barabara. Niliishia darasa la tano, lakini kusoma nasoma. Niliisoma mara tatu na sikuona palipoandikwa giaboksi.

Wageni wamejaa. Kuna mwanaume amevaa skafu ya sufu, mwezi wa pili, Dar es Salaam. Kuna mwanamke wa miwani mikubwa anayerudi nyuma kila akitazama picha, mpaka ukuta wa pili unamzuia.

"Inazungumza sana hii kazi," yule wa skafu akasema mbele ya Mawazo ya Jangwa.

"Naomba grisi," lori likasema toka kwenye fremu.

"Umesikia? Upweke mtupu."

"Grisi," lori likarudia. "Hata ya kupikia."

"Mimi naona utoto wangu," mwanamke wa miwani akasema.

"Utoto wako ulikuwa na mlenda?" lori likamuuliza. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akachukua sambusa.

Juu ya mlango pana tangazo kubwa: HAIRUHUSIWI KUTAJA KITU. Mzee mmoja akainama mbele ya picha akasema, "Mbona kama hii ni madigadi ya lori." Walinzi wawili wakamshika mikono kwa upole, wakamtoa nje. Hakubisha. Alionekana mtu aliyezoea.

Delfinus akapanda kwenye jukwaa dogo akiwa na kalamu nyeusi. "Mshale ukifika sitini nasaini," akatangaza. "Na picha ikishasainiwa hairudi tena kuwa kitu."

Saa ya ukutani ilikuwa spidomita ya lori letu. Mshale uko ishirini na unapanda, mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja.

Nikamwendea. Ilinichukua toka ishirini mpaka thelathini na tano.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni nani kwenye kazi hii?"

"Ule mkono," nikasema.

"Umeuona uzuri wake? Watu wengi hawauoni. Wanaona mkono."

"Ni wa..."

"Usimalize, dada. Ukimaliza unaua."

Sikumaliza. Watu wote wamegeuka kunitazama, na mimi nikitazamwa na watu watatu tayari ni umati. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Pale pana vyungu viwili vikubwa vyenye miti mifupi, ya kijani iliyokolea, inayong'aa. Mshale uko arobaini na tano. Vidole vya baba vimeacha kutafuta. Vimetulia, vinafanana kabisa na chuma.

Kwetu barabarani, gari likikwama, mtu halazimiki kuwa na sauti. Unavunja matawi, unayalaza mbele ya gari na nyuma yake, hatua thelathini kila upande, na yeyote anayekuja anajua. Gari lenye majani lina mwenyewe. Limeharibika tu. Lisilo na majani limetupwa, na kila mtu anafungua anachotaka.

Nikavunja matawi ya kwenye chungu. Yalikuwa magumu kuvunjika, ikabidi niyazungushe. Nikahesabu hatua thelathini upande huu wa picha ya mkono, nikalaza. Nikahesabu thelathini upande wa pili, nikapita katikati ya wageni nikisema samahani, nikalaza.

Mwanaume wa skafu alikuwa anakuja kasi na sahani yake. Alipoona majani akapunguza mwendo. Sikio lake la kulia likaanza kuwaka na kuzima, akatazama nyuma, akapita kwa kulia taratibu. Waliomfuata wakapunguza mwendo. Foleni ikatokea ndani ya ukumbi. Mtu mmoja nyuma akapiga honi kwa pua.

Mwanamke wa miwani yeye akasimama kabisa. Akainama kwangu kama anashusha kioo cha dirisha.

"Poleni, mdogo wangu. Mmeharibikiwa nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. "Giaboksi," nikasema.

"Ya gari gani?"

Kiyoyozi kikajizima. Mshale uko hamsini na tisa. Kalamu ya Delfinus imegusa fremu ya Kutu Namba Tisa.

"Dada," akasema, "fikiria uzuri."

"Lori," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka yote. "Lori la baba. Na huo ni mkono wake. Wanasubiri giaboksi."

Fremu zikaanza kuanguka moja moja, bila haraka, kama mizigo inayoshushwa na watu wazima. Machweo Namba Nne ikawa mlango na ikalia kwenye bawaba zake. Boneti ikarudi na mlenda juu. Mkono ukakamata usukani, baba akafuata nyuma ya mkono, akanitazama kama mtu aliyechelewa kuamka.

"Seche," akasema, "spana ya kumi na saba umeiweka wapi?"

Delfinus alikuwa amekaa chini, shati jeupe limeanza kupata vumbi. "Umeniharibia kazi ya miaka kumi na moja," akaniambia.

"Wewe umekuja leo," lori likamwambia. "Na grisi hukuja nayo."

Walinzi wawili wakanishika mikono kwa upole, wakanitoa nje kwa kosa la kutaja. Nje ilikuwa kitanda changu.

Kulikuwa kumekucha. Nikasikia sauti ya mwanaume nisiyemfahamu barabarani, na sauti ya baba ikimjibu haraka haraka, kama hajaongea siku nyingi. Nikajifunga khanga, nikachungulia. Lori la mafuta limesimama pembeni, taa zinawaka na kuzima. Dereva wake yuko chini ya lori letu na baba, miguu minne inaonekana. Mama amesimama na kikombe cha chai, hajui ampe nani.

"Kuna fundi Singida anayafungua malori ya aina hii," dereva anasema. "Nitamwuliza kama ana giaboksi. Mzee, miaka yote hii napita hapa, nilijua hili limetupwa. Leo nimeona majani, nikasema kumbe kuna mwenzangu."

"Majani gani?" baba akauliza.

Dereva akatoka chini, akafuta mikono, akaenda nyuma ya lori, hatua kama thelathini, akarudi na tawi. "Haya. Ila mbona ni ya plastiki? Na yana kikaratasi hapa, kimeandikwa: Tafadhali usiguse kazi."

Baba akanitazama. Mama akanitazama. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Miaka ya mwanzo baba alikuwa akiweka majani kila siku, na mbuzi wa jirani walikuwa wakiyala kila siku, mpaka akachoka na watu wakamcheka.  Asubuhi hii alichukua tawi kwa dereva, akalirudisha mahali pake, akaliwekea jiwe.

Mbuzi akaja. Akalinusa, akalinusa tena, akaondoka zake.