Mstari wa Njano kwenye Mlango wa Kutokea

Jana usiku niliota, na ndoto ilianza kabla sijafumba macho vizuri, maana mtoto alikuwa bado ananyonya.

Kwanza nieleze. Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Kigoma kumwona mjukuu wake wa kwanza. Hajawahi kupanda ndege, na kusoma hajui. Ndege ingetua saa moja asubuhi. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani. Mimi nina siku thelathini na moja tangu nijifungue; arobaini haijatimia, kizingiti sivuki. Wifi yangu Sikitu ndiye anayenihudumia, hawezi kuniacha. Kwa hiyo mama angetoka uwanjani peke yake, akatafute peke yake basi la kuja Temeke, katika mabasi yote ya mji huu.

"Atafika tu," Sikitu alisema. "Mtu mzima yule."

Nililala roho mkononi.

Mara niko ndani ya uwanja wa ndege, mtoto kifuani. Sakafu inang'aa mpaka naziona nyayo zangu kwa chini. Paa liko juu kabisa, limeezekwa na watu ambao hawakuwa na haraka. Uzuri ule ulinifanya nifunge kanga upya.

Ofisa mmoja, kichwa chake ni mhuri, ananisimamisha.

"Mtoto wa chini ya miaka miwili hukaa mapajani," anasema. "Mapaja yako yako wapi?"

"Haya hapa."

"Umesimama. Mtu akisimama hana mapaja."

Nikatazama. Kweli, hayakuwapo. Ofisa akapiga mluzi, kiti kikaja mbio kwa miguu yake minne. Nikaketi, mapaja yakarudi, mtoto akatulia.

"Una siku ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Basi ndani ni ndani, tembea na kiti chako. Ukifika mstari wa njano, pale ni nje. Usivuke."

Nikamshukuru. Kazi yake anaijua.

Kiti kinaondoka nami. Juu pana mshale, na mimi, tangu nianze darasa la jioni, sipitwi na maandishi. Nikausoma kwa sauti: "Wanaowasili, kulia." Mshale ukageuka kushoto. Nikausoma tena. Ukatazama juu.

"Una nini wewe?" nikauliza.

"Umenisoma bila kunisalimu," mshale ukasema. "Nimesimama hapa tangu alfajiri. Watu wananisoma tu, kama vile sina kwetu."

Niliona haya. Mwalimu wetu hakutufundisha hilo. Ndipo nikasikia sauti kutoka juu ya ngazi ya umeme.

"Hamjambo humu ndani?"

Ni mama, na gauni lake la Idi.

"Shikamoo bibi," ngazi ikasema. "Nipe mkono."

"Marahaba mwanangu. Hivi unashuka siku nzima, magoti hayakuumi?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," ngazi ikasema, ikapunguza mwendo, ikamfikisha chini kama wanavyofikishwa maharusi.

Kwenye mkanda wa mizigo, masanduku yaliyoachwa peke yake yalikuwa yanalia, kwa kuwa tangazo limekataza kuyaacha. Ndoo ya mawese ya mama haikulia. "Mimi nilijua anakuja," iliwaambia wenzake. Mama akaisalimia, akaibeba, ndipo akaniona.

"Wewe! Arobaini imetimia?"

"Naota, mama."

"Hata kama."

Mshale ukaruka chini, ukampa mama shikamoo, ukatutangulia kwa adabu. Tukapita maduka, tukapita wazungu waliolala juu ya mabegi yao, tukafika mlango wa vioo. Sakafuni umechorwa mstari wa njano. Kiti changu kikagoma.

Nje mabasi matatu yamekaa kwenye benchi yanakunywa kahawa, yametupa mgongo. Majina ya njia zao yako kwenye vipaji vya nyuso, upande ule ambao sisi hatuuoni. Moja kati yao ndilo la Temeke. Mama hawezi kusoma, mimi siwezi kutoka. Akipanda lisilo lake, nitamtafutia wapi mama yangu?

"Nishikie," nikakiambia kiti. Kikampakata mtoto. Nikasimama, nikafika mstarini, nikanyoosha shingo nisome. Vidole vya mguu wa kushoto vikateleza juu ya rangi.

Mama alishatoka.

"Habari za asubuhi, wanangu," anayaambia mabasi. "Kahawa imekolea tangawizi?"

"Imekolea, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kati yenu anapajua kwa binti yangu? Kuna msikiti mdogo, halafu nyumba yenye nepi kambani."

Basi la katikati likaweka kikombe chini. "Nepi za rangi gani, bibi?"

"Nyeupe. Moja ya bluu."

"Napita hapo hapo."

Likapiga magoti ili apande. Nilikuwa sijasoma hata herufi moja. Nikabaki nimesimama, nampenda mama yangu, naupenda na uwanja wenyewe, jinsi unavyowajua watu wake.

Mlangoni mama akageuka, akaitazama miguu yangu. Akafungua mdomo kunigombeza. Mlango wa basi ukajifunga.

"Hodi!"

Nikashtuka. Jua limeshaingia chumbani, mtoto amelala ubavuni mwangu. Sikitu anacheka sebuleni, anapokea ndoo. Mama akaingia na gauni la Idi, akamnyanyua mjukuu wake, akamnusa shingoni muda mrefu.

"Basi ulilijuaje, mama?"

"Watu wamejaa pale, mwanangu. Nilisalimia."

Akamlaza mtoto. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akafunua shuka miguuni pangu, akalowesha ncha ya kanga yake kwa mate, akaanza kunifuta vidole vya mguu wa kushoto. Rangi ya njano, bado mbichi.

"Nilikwambia hata kama," akasema.