Kabureta ya Pikipiki kwenye Pampu ya Salfa

Fundi Alfredi alipanda kutoka Masasi hadi shambani kwangu Chilangala, akaja kunikanya. "Mama Sia, toa hiyo kabureta ya pikipiki. Hata ufanyeje, salfa haifiki kileleni."

Niliifunga mwenyewe, kwa sababu pampu ilivyotoka dukani unga wa dawa ya salfa uliishia matawi ya chini, na mikorosho ya marehemu baba ni mirefu. Nguvu niliipata, ila sailensi, ule mngurumo wa injini ikiwa haijavutwa mafuta, ilikataa kutulia. Injini ilinguruma, ikashuka, ikapanda tena yenyewe.

"Sitoi," nilimjibu.

Nilidondosha maji pale kabureta inapoungana na injini. Maji yakaziba upenyo, mngurumo ukashuka papo hapo. Kumbe ilikuwa inavuta hewa kwenye gasketi, ambayo kwa uvivu wangu niliikata kwenye mfuko wa salfa. Nikazima, nikakata nyingine ya karatasi nene, nikakaza boliti. Nilipowasha, ikatulia.

Nikaibeba mgongoni, nikavuta mafuta mpaka mwisho. Mkorosho mzima ukageuka manjano, kisha vumbi likaanza kumshukia Alfredi.

Alikuwa akijipangusa shati nilipomwambia, "Hiyo imetoka kileleni, fundi."